Nani Yaya, Nani Mdogo

Ninyi vijana mnaotafsiri filamu kule Kamembe, mnaojifungia na kompyuta na kuuza sauti zenu kwenye flash, mmeniuliza swali moja tangu siku nilipoweka mikro, kipaza sauti changu, chini. Maman Micro, ile tamthilia ya majambazi wa zamani, msimu wake wa mwisho ulikuwa mzuri au mbaya? Mmenisimamisha sokoni na swali hilo. Kevin, mmoja wenu, aliniuliza hata kwenye mazishi, wafiwa wakiwa wanatusikia, nami nikamwonyesha kwa jicho kwamba jeneza bado liko mbele yetu. Niliahidi nitajibu. Lakini mimi ni mtu mzima, na mtu mzima ukimuuliza saa atakueleza kwanza nani alimnunulia ile saa. Kwa hiyo kaeni, chukueni chai.

Mlilosikia ninyi ni kwamba msimu ule haukuwa na risasi za kutosha. Msichojua ni kwamba ulikuja kumwaibisha mwalimu wangu, Mzee Saidi, mbele ya watu waliompenda kuliko mtu yeyote katika bonde la Bugarama, na siku ile mwenye mikro nilikuwa mimi.

Nianze mwanzo. Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Bukavu. Tuliporudi huku Rwanda nilikuja na mume, watoto, na Kifaransa cha masista, na kati ya vyote hivyo ni Kifaransa tu kilichokosa kazi. Mume wangu alipata kibarua kwenye kiwanda cha saruji, tukashuka Bugarama, mahali ambapo joto linakuamsha kabla ya jogoo. Mimi nikakaanga mandazi na kuyauza mlangoni pa ukumbi wa video. Ukumbi wenyewe ulikuwa kuta za matofali ya udongo, bati juu, mabenchi ndani, na blanketi kuukuu limetundikwa mlangoni ili mwanga usiingie. Mwenye ukumbi alikuwa Mzee Saidi, na ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu kwa Kiswahili, kwa sauti nene iliyosikika hadi kwenye mashamba ya mpunga.

Siku moja nasikia sauti ile imesimama katikati ya sentensi. Filamu inaendelea, Mzee kanyamaza. Kisha akauliza ndani ya mikro, bila haya yoyote:

"Batu yangu, veuve ni nini? Nani anajua?"

Nikajibu nikiwa nje ya blanketi, kwa mazoea tu ya darasani. "Ni mjane, Mzee."

"Huyo Maman wa mandazi aingie," akasema.

Niliingia na beseni kichwani. Akanisogezea nafasi kwenye benchi lake, akanipa mikro, akaninong'oneza, "Weye sema ya banamuke. Mimi nimechoka kujifanya mujane na hii ndevu." Sentensi yangu ya kwanza katika kazi hii ilikuwa ya yule mjane, akiuliza nani atamzikia bwana wake. Sauti yangu ilitetemeka vibaya sana. Watu walidhani ninaigiza uchungu, wakanipigia makofi. Hivyo nilianza kazi kwa kusifiwa woga wangu, na mandazi ya siku ile yaliliwa na nani mpaka leo sijui.

Mzee alinifundisha kila kitu nikiwa nimekaa ubavuni pake. Alinifundisha kuvisha mikro kitambaa cha mfukoni, kwa sababu herufi p inapiga kwenye spika na kuumiza masikio ya watu. Alinifundisha kutafuna tangawizi kabla, siyo katikati. Mkono wa kushoto unakaa kwenye kitufe cha sauti, unaipunguza filamu pale unaposema, unairudisha pale mtu anapolia, maana kilio hakitafsiriwi. Tena alinifundisha kukaa upande, sikio moja kwa televisheni, jicho moja kwa watu. Alisema ukitazama filamu peke yake utasahau kwamba kuna watu wanapumua. Na filamu yoyote sharti uitazame peke yako kwanza, mchana, na sufuria ya maharage ikiwa jikoni, ili usije ukashangaa mbele za watu.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: "Usimuue muntu mbele filamu imuue." Yaani usiseme mapema. Na ya pili: "Filamu iko na kinywa yake. Weye ni kinywa ya pili tu. Usiongeze, usipunguze." Hiyo ya pili mwenyewe aliivunja kwenye mabusu. Mtu na mpenzi wake wakikaribiana, Mzee alitangaza, "Hapa banasalimiana." Kulikuwa na baba mmoja wa msikitini aliyekaa benchi la mbele kila Jumapili, na siku moja aligeuka akasema kwa upole kwamba watu wa nchi zile wanasalimiana sana.

Mambo magumu ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Theluji, kwa mfano. Utamwambia nini mtu wa Bugarama? Mzee alisema, "Munaona ile vumbi ya kiwandani? Ni ile, lakini ya baridi, na Mungu njo anaimwaga," yaani ndiye anayeimwaga. Vijana wa saruji walicheka mpaka wakakosa dakika nzima ya filamu. Majina nayo hayakukaa kichwani, kwa hiyo kila mtu wa kwenye filamu tulimbatiza upya. Kulikuwa na Koti, Jino, Mke wa Mbwa. Mpaka leo kuna watu huko chini hawajui kwamba wale waigizaji wana majina mengine.

Lazima niwaeleze pia habari za Papa Yusufu, kwa sababu bila yeye hadithi hii haina miguu. Alikuwa mkulima wa mpunga, mwembamba, hana ndevu, mtu wa maneno machache. Kazi yake ukumbini ilikuwa kukaa kwenye kigoda karibu na lile blanketi, kulifungua kidogo aliyechelewa akija, na kulifunga haraka mwanga usile picha. Sote tulimjua kama mdogo wa Mzee Saidi. Mzee akikaukiwa koo aliita ndani ya mikro, "Yusufu!" na kutoka mlangoni ikaja sauti, "Niko," kisha kikombe cha maji kikapita mkono kwa mkono hadi mbele. Miaka yote ilikuwa hivyo. Filamu zikabadilika, televisheni zikabadilika, "Yusufu" na "Niko" havikubadilika.

Ndipo ikaja ile tamthilia. Ilikuja ikiwa imetiwa sauti za Kifaransa. Ninyi mnaijua: mji wa baridi kando ya mto, enzi za babu wa babu zetu, wanaume wamevaa kofia na makoti marefu, farasi na magari ya kwanza kwanza barabara moja, na familia inayopitisha pombe kwa magendo. Mengine yote tulihangaika kuyatafsiri, lakini magendo hapana. Sisi tunakaa kati ya mipaka miwili, na watu walifuata habari zile wakitikisa vichwa kama wanasikia habari za shemeji zao.

Katika familia ile kulikuwa na ndugu wawili wa kiume. Mmoja alitembea mbele, akaamuru, akapiga, akaua. Huyo tulimwita Kofia. Wa pili alifungua mlango, akamshikia koti, akakaa na mama yao, akatii. Huyo tulimwita Kimya. Kila walipoongea waliitana "mon frère," yaani ndugu yangu, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mfaransa ana frère, basi, amemaliza. Sisi hatujamaliza. Mtu wa huku ukimwambia hawa ni ndugu, swali lake la kwanza ni: nani mkubwa? Atakuuliza kabla hajauliza nani ana bastola.

Mimi nilipendekeza tuseme "ndugu yangu" tu. Mzee akakataa. "Ndugu ni ya kanisani, ni ya sokoni. Batoto ya mama moja, kuko yaya na kuko mdogo." Yaya kwetu ni mkubwa wako wa tumbo moja, wa kiume au wa kike. Kulikuwa na dereva wa lori mmoja kutoka upande wa Tanzania aliyekuja kupakia saruji, akaingia ukumbini, akasikia jambazi mzima mwenye kofia anaitwa yaya. Kwao yaya ni msichana wa kulea watoto. Alicheka hadi akatoka nje kupata hewa.

Basi katika sehemu ya kwanza kabisa, Kofia anaingia baa akiwa mbele, Kimya nyuma yake ameshika mlango. Mzee Saidi akatazama mara moja, akasema ndani ya mikro, "Ule wa mbele njo yaya. Mdogo anafunga mlango." Ikawa imekwisha. Kuanzia siku hiyo Kimya kila alipofungua kinywa, tulimtafsiri akisema "yaya" kwa Kofia, na Kofia akisema "mdogo yangu" kwa Kimya, msimu baada ya msimu.

Kimya hakupendwa. Kulikuwa na Vianney, kijana wa kiwandani aliyekuja na vumbi bado kwenye kope, na huyo alimchukia kwa moyo wote. "Mwoga! Anashikaka mlango ya yaya yake kila siku, hata kupigana hajui." Ukumbi ukacheka. Papa Yusufu naye alicheka pale mlangoni, kicheko chake kidogo, bila sauti.

Kisha koo la Mzee likaanza kuuma. Kwanza tulilaumu tangawizi, baadaye vumbi, baadaye tukaacha kulaumu. Madaktari walimpasua, na aliporudi ile sauti nene ilikuwa imebaki uzi. Binti yake akamchukua Gitambi, juu, kwenye hewa ya baridi. Mimi nikabaki na mikro peke yangu. Nililia siku ya kwanza nilipokaa kwenye benchi lile na upande wake uko wazi. Nilitafuna tangawizi, nikavisha mikro kitambaa chake, nikatafsiri sauti zote, za wanaume na za farasi. Mzee alishuka Jumapili alizoweza, akakaa benchi la mbele na kitambaa shingoni, anasikiliza. Papa Yusufu ndiye aliyemfuata Gitambi na kumrudisha, kila mara, kwa mwendo wa mgonjwa.

Ukumbi nao ulikuwa unapungua. Simu ziliingia, nanyi mkaingia, siwalaumu. Nilikuwa nimeamua kwamba tukimaliza tamthilia ile tutafunga, na Mzee alijua. Aliniambia, kwa ule uzi wake, kwamba anachotaka ni kuisikia inaisha akiwa amekaa pale mbele, pamoja na watu wake.

Msimu wa mwisho ulipofika, habari kutoka Kamembe zilikuwa zimetangulia: mbaya, unachosha, wanaongea tu. Nikauweka, nikauangalia peke yangu mchana, maharage yakiwa jikoni. Nami nawaambia kwa haki: makosa yalikuwapo. Katikati pale filamu inasinzia. Yule polisi waliyemlea misimu yote wanamwacha kama mwavuli kwenye basi. Mwanamke mwenye kovu anatoka mlangoni na harudi tena, na hakuna anayemuuliza. Nilikuwa karibu kukubaliana nanyi.

Ndipo mama yao akalala kitandani kufa, akamwita Kimya peke yake. Akamshika mkono, akamwambia, "C'est toi l'aîné." Wewe ndiye mkubwa. Nikasimamisha picha. Nikarudisha. Akasema vilevile. Siku baba yao alipouawa, mama alimwomba Kimya, mzaliwa wake wa kwanza, amwachie mdogo wake nafasi ya mbele. Kwa sababu mdogo haogopi kitu, na asiyeogopa kitu anakufa haraka, basi mkubwa akae nyuma yake amlinde. Kimya akakubali. Milango yote ile, makoti yote yale, ilikuwa mkubwa anamlea mdogo wake.

Maharage yaliungua. Nilisikia harufu, nikayaacha.

Muelewe vizuri. Mfaransa hakuwa amemdanganya mtu. Frère ni frère, mtazamaji wa Kifaransa alijikisia mwenyewe. Lakini watu wetu hawakukisia. Waliambiwa, kwa sauti waliyoiamini kuliko redio, na mwenye sauti hiyo atakuwa amekaa benchi la mbele, hana tena koo la kujitetea. Nikafikiri njia za mkato. Naweza kusema "wewe ndiye mwenye akili" badala ya mkubwa. Naweza kurudi kwenye ndugu, ndugu, ndugu hadi mwisho. Nani angejua? Lakini msimu wote umesimama juu ya neno lile. Ukilitoa, kinachobaki ni wanaume wawili wanaongea chumbani, na hapo Kamembe wangekuwa wamesema kweli.

Nikapanda Gitambi. Nilimkuta Mzee amekaa kivulini nyuma ya nyumba ya binti yake, anakunywa uji kwa kijiko kidogo. Nilimsimulia yote. Kwake tu nilimuua mtu kabla filamu haijamuua: nilimwambia na mwisho wenyewe, jinsi Kofia anavyokufa ndani ya gari la farasi, macho hayaoni tena, anaita "mon frère," na filamu inanyamaza muda mrefu kabla Kimya hajamshika mkono.

Mzee aliweka kijiko ndani ya bakuli. Nikadhani nimemuumiza.

"Mzee, nikitaka naweza kuipita ile neno," nikamwambia. "Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua." Ilibidi niiname ili nimsikie. "Maman Micro, weye unajua Yusufu ni nani yangu?"

"Ni mdogo yako."

Akatikisa kichwa polepole. "Ni yaya. Alizaliwa mbele yangu."

Akaendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. Wazazi wao walikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, na zamu ilikuwa ya Yusufu. Yusufu akasema, "Saidi anasemaka vizuri, mpelekeni yeye," akaingia kwenye mpunga. Mzee alipofungua ukumbi, watu walimwona mwenye ndevu ameshika mikro na asiye na ndevu ameshika blanketi, wakajihesabia wenyewe nani mkubwa. Mtu wa kwanza alipomwita Yusufu mdogo wa Mzee, Yusufu akaitika. Mzee alimuuliza nyumbani kwa nini asikatae. Akajibu kwamba jina halijazi tumbo.

"Nikazoea," Mzee akasema. "Nikamuita kwa jina mbele ya batu, kama mutoto. Yusufu, maji. Na siku ile naona muntu anashika mlango, nikasema ni mdogo. Macho yangu ilikuwa imezoea." Machozi yalikuwa yanashuka kwenye ndevu, naye hakuyafuta. "Na yeye alikuwa pale anacheka Kimya pamoja na bengine."

Nilimshika mkono. Nilimpenda sana mzee yule, sijawahi kumpenda kama siku ile.

"Ile neno utaisema," akaniambia. "Na ile ya mwisho, ya kwenye gari, utaniachia mimi."

"Mzee, sauti itatoka?"

"Sijui. Ni neno moja tu."

Jumapili ukumbi ulijaa kama zamani. Walikuja wakulima baada ya misa, wakaja watu wa msikitini, Vianney akakaa mbele na kofia aliyoinunua ili afanane na Kofia. Papa Yusufu alimleta Mzee, akamketisha benchi langu, pale ubavuni pangu, akarudi kwenye kigoda chake mlangoni.

Mama alipolala kitandani nilisema kama alivyosema. "We njo mukubwa, mwana wangu. Yeye haogopi, na muntu asiyeogopa anakufa mbio. Muache atangulie, weye umuchunge kwa nyuma."

Vianney akasimama. "Maman Micro, umekosea. Kofia njo yaya. Mzee alisemaka."

"Ndiyo, Mzee alisema," wengine wakaitikia nyuma yake, na benchi moja likaanza kunung'unika kwamba tangu Mzee aumwe filamu zinaharibiwa. Nikasimamisha picha. Kabla sijafungua mdomo, Mzee aliinua mkono, na watu wakanyamaza mara moja, kwa heshima.

Akajipiga kifua kwa kidole. Kisha akakielekeza kwenye televisheni, akakitikisa kile kidole: hapana. Akajipiga kifua tena.

"Mzee anasema aliyekosea ni yeye," nikatafsiri. "Tangu siku ya kwanza. Kimya ndiye mkubwa."

Hakuna aliyecheka. Vianney alikaa, akavua kofia. Nilimwona anarudisha misimu yote kichwani, mlango kwa mlango, na midomo yake inacheza. Baadaye kidogo akasema, siyo kwa kelele, "Kumbe alikuwa anamuchunga." Nikairudisha filamu.

Kuanzia hapo watu walitazama kwa namna nyingine. Kimya akishika koti, mama mmoja alikuwa anafuta macho kwa kitenge. Zile sehemu mlizoniambia zinasinzia, Bugarama hakuna aliyesinzia.

Ikafika gari la farasi. Nilitoa kitambaa kwenye mikro, kwa mara ya kwanza tangu nifundishwe kukiweka, ili uzi wa Mzee upite wote usizuiwe na kitu. Nikamsogezea mdomoni. Kofia akafumbua macho yasiyoona, midomo ikasogea. Mzee Saidi akavuta pumzi, na kwa muda hakikutoka kitu isipokuwa hewa. Nilisikia hewa ile kwenye spika. Nikaomba Mungu.

"Yaya," akasema.

Ilitoka imekwaruzwa, ndogo, lakini ilitoka, na ukumbi mzima uliisikia. Kwenye picha Kimya hakujibu, pale ndipo filamu inaponyamaza. Na katika kimya hicho, kutoka mlangoni, ikaja sauti tuliyoizoea:

"Niko."

Watu wote waligeuka. Papa Yusufu alikuwa amesimama. Sidhani alifikiri, aliitwa na ndugu yake, akaitika. Akatazama nyuso zote zile, akaona haya, akafanya kile alichokijua: akachukua kikombe cha maji, na safari hii hakukipitisha mkono kwa mkono, alikileta mwenyewe hadi mbele. Mzee Saidi alijivuta akasimama, mgonjwa vile alivyokuwa. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama mdogo anavyopokea kwa mkubwa. Na hakukaa mpaka Papa Yusufu alipokaa kwanza, pale kwenye benchi, mahali pangu. Mimi nilisimama ukutani na mikro mkononi. Filamu ilikuwa imeendelea na sikuitafsiri, wala hakuna aliyelalamika. Aliyechelewa alikuja akasukuma blanketi, mwanga ukaingia, na Vianney akatoka benchi la mbele akaenda kukaa kwenye kile kigoda.

Hiyo ndiyo filamu yangu ya mwisho. Mmeniuliza ilikuwa nzuri au mbaya. Nimewaambia makosa yake, na siyafuti. Ilikuwa nzuri. Ninyi mliitafsiri kwa "ndugu," "ndugu," kwa haraka, ndiyo maana kwenu wanaume wawili waliongea tu. Siku nyingine filamu ikiwaletea ndugu wawili, msiseme mapema nani mkubwa. Ngojeni.

Mzee Saidi alituacha kabla mpunga haujavunwa. Kevin, ulikuwapo, ndiyo siku uliyoniuliza. Imamu alisema mkubwa wa familia asogee aseme neno, na wageni wakaanza kutazamana, wanatafuta mwenye ndevu. Watu wa ukumbi hawakutafuta. Walifungua njia, na Vianney akamshika Papa Yusufu kiwiko, akamtanguliza mbele. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa namsikiliza yeye. Alisimama kando ya jeneza, akalitazama, akasema, "Mimi sina maneno. Mwenye kujua kusema alikuwa mdogo yangu."